Carey Francis: Mwalimu wa hesabu na kandanda aliyemalizia kazi yake Pumwani

Mwaka wa 1962, mwalimu mkuu wa shule ya Alliance, kule Kikuyu, alistaafu baada ya kuiongoza kwa miaka 22. Kenya nzima ilimjua. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa tayari wamekwisha kuingia katika siasa, na wengine wao walikuwa wakitazamiwa kushika wizara siku uhuru utakapofika. Hakuna ambaye angeshangaa lau mzee huyo angepanda meli pale Kilindini akarudi kwao Uingereza kula pensheni yake kwa raha. Yeye hakurudi. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akashika chaki na kuwa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya mtaa ule, hana tena cheo cha ukubwa.

Mtu huyo aliitwa Edward Carey Francis. Watu wa pwani wengi hawana sababu ya kumkumbuka, kwani shule alizoziongoza zilikuwa za mamishenari wa Kiprotestanti, na watoto wa Kiislamu wa Mombasa, Malindi na Lamu walikwenda kwingine: katika shule za serikali za Waarabu na Waswahili, au, kuanzia miaka ya 1950, katika chuo cha Waislamu cha Mombasa kilichojulikana kama MIOME. Hata hivyo, hayati Ronald Ngala, mtu wa pwani ambaye jina lake halihitaji kuelezwa, alisoma Alliance. Na kama tutakavyoona, mwisho wa maisha yake Francis alijikuta katika mtaa ambao mpwani yeyote angeutambua bila ya kuonyeshwa kwa kidole.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1897, Hampstead, London. Tangu utotoni alikuwa na mapenzi mawili, hesabu na michezo. Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka alikwenda kupigana akiwa afisa wa mizinga, na baada ya vita akaingia chuo cha Trinity, Cambridge. Hapo alishinda wenzake wengi katika hisabati, hata chuo cha Peterhouse kikamchukua kuwa mwalimu wake. Mtu aliyefika hapo kwa kawaida hatoki tena. Hukaa humo na vitabu vyake mpaka mvi zimfunike kichwa. Francis aliyaacha yote hayo mwaka wa 1928, akajiandikisha na chama cha wamishenari cha CMS, akapelekwa Maseno, karibu na Kisumu, kuwa mwalimu mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Hakuoa maisha yake yote.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani jambo lililo na maana kwetu katika maisha ya mtu huyu si hesabu. Ni mpira.

Shule za wakati ule zilikuwa na somo lililoitwa mazoezi ya viungo, lakini anayelikumbuka atakuambia kwamba lilikuwa kwata tupu. Watoto walipangwa mistari uwanjani, mwalimu akapiga filimbi, mikono ikapanda, mikono ikashuka, magoti yakakunjwa, moja mbili, moja mbili. Wakubwa wa elimu Uingereza walitoa mwongozo wao wa mazoezi ya viungo mwaka wa 1933, na vitabu vya aina hiyo vilivuka bahari vikafika makoloni. Mwalimu aliyekuwa na kitabu mkononi hakuhitaji kujua mchezo wowote. Alihitaji sauti kubwa na kundi la watoto watiifu. Haikuwa ajabu kwamba walimu wengi wa kwata walikuwa askari wa zamani. Serikali ya kikoloni iliona ni vizuri Mwafrika ajifunze kutii amri kwa mwili wake kabla ya kujifunza kitu kingine.

Francis alikuwa na rai tofauti, ingawa si tofauti sana kama wafuasi wake walivyopenda kusema baadaye. Aliamini kwamba tabia ya mtu hujengwa katika mchezo wenyewe, si katika kuhesabu moja mbili. Mchezo ulio bora kwake ulikuwa kandanda, kwa sababu ndani yake mtu mmoja hawezi kitu peke yake. Mchezaji anayeng'ang'ania mpira ili asifiwe na watazamaji alikuwa, machoni pake, na dosari ileile ya mtoto anayeficha jibu la hesabu ili mwenzake asilione. Kwa hivyo mpira ulikuwa sehemu ya masomo kama vile Biblia na hesabu zilivyokuwa, na kila mvulana alilazimika kucheza, awe anaujua au haujui.

Jambo la pili lilikuwa geni zaidi. Yeye mwenyewe alivaa kaptura akaingia uwanjani. Leo mwalimu kucheza na wanafunzi si habari, bali katika Kenya ya 1928, ambapo Mzungu na Mwafrika hawakukaa meza moja, wala kulala hospitali moja, Mzungu wa Cambridge kukimbia katika vumbi na vijana wa Kijaluo na Kiluhya, akakanyagwa mguu na kupigwa kumbo, lilikuwa jambo la kusimuliwa vijijini. Vijana walijifunza kwa kumtazama akicheza na kwa kucheza naye. Miongoni mwa waliopita Maseno zama zake ni Jaramogi Oginga Odinga na Ramogi Achieng Oneko. Na mpira uliopandwa katika shule za Nyanza ulizaa: Kombe la Gossage, lililoanza mwaka wa 1926 baina ya Kenya na Uganda, lilikuja kutegemea sana miguu ya vijana wa magharibi.

Miguu, nasema, kwa maana halisi. Wengi walicheza pekupeku. Hata mwaka wa 1949 timu ya Nigeria ilipozuru Uingereza wachezaji wake wengi hawakuvaa viatu, na Waganda walifanya vivyo hivyo huko Uingereza mwaka wa 1956. Waingereza waliolipa kiingilio kuja kucheka waliondoka wakiwa wanajadiliana.

Mwaka wa 1940 Francis alihamishiwa Alliance. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1926 na muungano wa misheni za Kiprotestanti, ikawa shule ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika nchini Kenya. Chini ya Francis ikawa kiwanda cha viongozi. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge yaliwafanya hata walowezi, ambao hawakutaka kusikia habari ya Mwafrika msomi, wanyamaze. Lakini shule ilikuwa na sheria kama kambi. Kulikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya kufanya usafi, kengele ya sala, kengele ya michezo. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa bwenini saa za mchezo. Na fimbo ilikuwapo.

Hapa ndipo watu wanapogawanyika juu ya Carey Francis, na mimi sioni haja ya kuwapatanisha. Wanaomsifu husema alimheshimu Mwafrika kuliko Mzungu yeyote wa zama zake, kwani hakukubali kumshushia kipimo: alimtaka ashinde mtihani uleule na acheze kwa sheria zilezile kama mtoto wa Kizungu. Wanaomlaumu husema alitaka kumfinyanga Mwafrika awe Mwingereza mdogo. Wote wawili wana hoja. Mtu huyu alikuwa na mashaka na siasa za kudai uhuru, akiona wanasiasa wana haraka. Papo hapo, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, alipoona jinsi askari wa serikali walivyowatesa watu, hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake kwa wakubwa, na hilo halikumpatia marafiki katika vilabu vya walowezi.

Kuna neno moja la kwetu linalomfaa, nalo ni uungwana. Francis alifundisha uungwana wa Kiingereza kupitia mpira: usidanganye, usibishane na refa, ukishindwa mpe mwenzako mkono. Mtoto wa pwani hakuhitaji Mwingereza kumfundisha hayo. Katika kirumbizi, ule mchezo wa bakora unaochezwa Lamu siku za Maulidi na sherehe nyinginezo, mwenye kuingia uwanjani anajua mpaka wa pigo lake bila refa wala filimbi, na akivuka mpaka huo, aibu inamrudia yeye na ukoo wake. Tofauti ni kwamba uungwana wa kirumbizi ni mali ya wachezaji wenyewe. Uungwana wa Alliance ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikaa ofisini.

Basi tufike Pumwani.

Mtaa huu ndio mama wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Waafrika wa Nairobi walikaa katika vijiji walivyojijengea wenyewe: Pangani, Kaburini, Maskini, na kimoja kilichoitwa Mombasa. Jina hilo pekee linatosha kutuambia ni nani waliokuwa wakazi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilipima viwanja Pumwani ili iwakusanye watu mahali pamoja, na vijiji vikavunjwa kimoja baada ya kingine. Pangani ndicho kilichodumu zaidi. Kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, waliokuwa na nyumba walipelekwa mtaa mpya, Shauri Moyo, na jina hilo nalo linajieleza. Pumwani, au Majengo kama wengi wanavyoiita, ilijengwa nyumba za udongo za mtindo wa pwani, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, misikiti yake ilijaa, na mpaka leo kuna barabara humo iitwayo Digo. Ukitaka kuona Uswahilini ulioko maili mia tatu kutoka baharini, hapo ndipo.

Baada ya Pumwani na Shauri Moyo ikaja mitaa mingine: Ziwani, Starehe, Kaloleni, Bahati, Makongeni, na baadaye Maringo na Jericho. Wakoloni waliijenga kwa ajili ya wafanyakazi, nao waliamini kwamba mfanyakazi akicheza mpira jioni hatakuwa na wakati wa kuhudhuria mikutano. Kwa hivyo viwanja vya michezo na kumbi za burudani vilikuwa katika ramani tangu mwanzo. Ofisa wa mambo ya Waafrika wa manispaa baada ya Vita vya Pili, Thomas Askwith, alikuwa mpiga makasia aliyeiwakilisha Uingereza katika Olimpiki ya 1932 na ya 1936. Mwaka wa 1949 serikali ilimleta Archie Evans kuwa ofisa wa michezo wa koloni nzima. Lakini mipango ya wakubwa haikwenda kama walivyotaka. Kamukunji palichezwa mpira na pia palifanywa mikutano ya siasa, uwanja uleule. Na tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yalipoizunguka Nairobi na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya wanaume, wengi wao Wakikuyu, mitaa hii ndiyo iliyofagiliwa. Viwanja na kumbi havikuwa vimemsahaulisha mtu kitu.

Hii ndiyo Nairobi aliyoiingia Francis. Miaka minane ilikuwa imepita tangu msako ule, na uhuru ulikuwa mlangoni. Alliance alikuwa na vijana waliochujwa kutoka nchi nzima, wakilala shuleni, wakiamka kwa kengele yake. Pumwani alikutana na wanafunzi wa kutwa, ambao wakitoka darasani wanarudi katika chumba kimoja wanachokaa watu sita, na njiani wanapita Gikomba. Na mpira? Watoto hawa hawakuungoja mpira wa shule. Tangu wakiwa na miaka mitano walikuwa wakicheza vichochoroni kwa mpira wa makaratasi na matambara uliofungwa kamba, magoli yakiwa mawe mawili, timu watu watatu au wanne kila upande kwa sababu kichochoro hakiruhusu zaidi. Hakuna mwalimu. Mdogo hukaa kando akitazama mpaka siku mmoja anapoitwa na mama yake, naye huingia mahali pake. Kosa lake la kwanza huchekwa, la pili hufokewa, la tatu halifanyi tena.

Ndivyo pia mtoto wa pwani anavyojifunza bao. Sijapata kuona mzee aliyemketisha mjukuu wake akamfundisha kanuni za bao moja baada ya moja. Mtoto hukaa barazani, husikia kete zinavyolia, huona nani amenaswa na kwa nini wazee wamecheka, na siku anapoachiwa kucheza anajua tayari mchezo unakwenda wapi, japo mkono wake bado mzito.

Wataalamu walichukua muda mrefu kuliona jambo hilo. Katika chuo cha Loughborough, Uingereza, walimu wawili, David Bunker na Rod Thorpe, walitangaza mwaka wa 1982 mtindo wa kufundisha michezo uliopindua ule wa zamani. Walikuwa wamewatazama watoto wa shule wakifundishwa kupiga mpira, kuudaka na kuutuliza, somo baada ya somo, kisha wakaona kwamba wengi wanamaliza shule hawajui mchezo wenyewe: hawajui wakimbilie wapi, wala wampe nani mpira na lini. Wao walishauri mtoto aanze na mchezo uliopunguzwa, uwanja mdogo, watu wachache, na kanuni nyepesi. Akikutana na shida ndani ya mchezo ndipo afundishwe ufundi wa kuitatua, maana sasa anajua unamfaa nini. Mtindo huo umeenea duniani na umeandikiwa vitabu vingi. Mtoto wa Majengo akiusoma atauliza kama hicho si kichochoro chake.

Francis alikuwa katikati ya njia hizo mbili. Aliikataa kwata na kuutanguliza mchezo, na hilo lilimweka mbele ya walimu wengi wa zama zake. Lakini kwake mchezo ulikuwa na jibu moja, kama hesabu, na jibu alikuwa nalo mwalimu. Kwa rai yangu ndiyo maana miaka yake ya Pumwani inavutia kuliko ile 22 ya Alliance, ingawa sifa zake zote zimejengwa juu ya ile 22. Mtu aliyezoea kupanga saa zote za mvulana, kutoka alfajiri mpaka taa zizimwe, alikubali kuwa na wanafunzi ambao alikuwa nao kwa saa chache tu, na ambao mtaa ulikuwa umekwisha kuwafundisha mengi kabla yake. Alikuwa mzee. Angeweza kukataa.

Nchi nayo ilikuwa ikibadilika mbele ya macho yake. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na wanafunzi wake wa zamani wakakaa katika baraza la mawaziri. Mwaka huohuo ligi ya taifa ya kandanda ilianza. Mwaka wa 1965 bingwa alikuwa Feisal ya Mombasa, timu ambayo hakuna misheni iliyoilea. Kikombe cha nchi kilikuwa kimekwenda kwa vijana waliojifunzia mpira mitaani na kwenye mchanga wa pwani.

Carey Francis alifariki tarehe 27 Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68, akiwa bado mwalimu wa Pumwani.

Habari zake hazikuzikwa naye. Mwaka wa 1969 L. B. Greaves alitoa kitabu cha maisha yake, kilichojaa mapenzi. Mwaka wa 1980 Benjamin Kipkorir, mwanahistoria aliyesoma Alliance, aliandika makala yaliyompima kwa mizani kali zaidi, katika mkusanyiko wa insha kuhusu ubeberu na waliofanya kazi nao. Baina ya hao wawili alitangulia Ngugi wa Thiong'o, ambaye alikuwa Alliance kuanzia 1955 mpaka 1958. Katika riwaya yake ya Petals of Blood, ya mwaka wa 1977, yumo mwalimu mkuu wa Kizungu aitwaye Cambridge Fraudsham, na wasomaji waliopita Alliance hawakuhitaji kuambiwa ni nani. Fraudsham ni mtu wa amri na majivuno, na wanafunzi wanamgomea. Lakini katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka wa 2012, Ngugi alimrudia mwalimu wake kwa jicho lililopoa. Safari hii ni mtu mwenye imani yake, mkali, mwenye kuwatetea wanafunzi wake mbele ya askari, na bado mtumishi wa dola iliyowafunga ndugu zao. Ngugi mwenyewe alifariki Mei 2025, na picha zote mbili alizochora bado zinasomwa.